Samaki wa Bwawa N

Morogoro
3 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mdogo wangu Goodness, na kwamba magoti hayakusumbui tena ukipanda kwenda bombani. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanimaliza. Mtu aliyelelewa na baridi ya Rhotia hafai kuishi Morogoro.

Najua utasema simu ipo, barua ya nini. Ni wewe uliyenizoesha. Miaka sita ya seminari hatukuruhusiwa simu, na kila mwezi barua yako ilifika, hata ile ya kunieleza kwamba jogoo wangu ameliwa na wageni. Halafu ukipokea simu unaweka sauti ya juu, majirani wote wanachangia.

Nina ombi. Utafiti wangu umekubaliwa. Nachunguza bakteria wanaoishi kwenye samaki wa kufugwa, tumboni na kwenye ngozi. Nataka kujua mambo mawili. La kwanza, wanatengeneza vimeng'enya gani, yaani vile vitu vya kuvunjavunja chakula: kuna bakteria anayevunja wanga, kuna anayevunja protini kama ya maziwa au nyama. La pili, kama wanaweza kunyang'anya chuma. Damu ya samaki ina chuma, kama ya kwetu. Bakteria mwenye njaa ya chuma hutoa kitu kinaitwa sideroforo, kinakwenda kukikamata chuma na kumrudishia. Akishiba anazaana, na samaki anaanza kuumwa.

Nahitaji perege kumi kutoka bwawani kwako na kumi kutoka kwa Yeyo Nareyu, yule mama wa Kimasai wa Kansay. Kila kumi mfuko wake, na juu ya mfuko ubandike karatasi: wako L, wake N. Panga yote kwenye deli lenye barafu, umpe kondakta wa basi la asubuhi. Wewe ndiye mwenyekiti wa kikundi, kwa hiyo nimemwomba Yeyo akuletee wake hapo nyumbani. Alisita kidogo, anaogopa maneno ya watu. Nimemwahidi kwamba jina la mtu halitatajwa popote. Ni herufi tu. Na wewe nakuahidi hivyo hivyo.

Nisalimie Goodness.

Mwanao,
Emilian


Rhotia
13 Februari 2025

Emilian mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, ila tumezoeana. Jogoo wako aliliwa na padre, siyo wageni, na paja lake nililikausha, ukalila mwenyewe ulipokuja likizo.

Barua hii nimeifunga ndani ya nailoni na kuiweka juu ya barafu. Ikilowa usinilaumu. Samaki wako hao, kumi na kumi. Nimewapanga kwa mkono wangu, karatasi nimebandika kwa gundi ya Goodness ya shule. Wangu ni wazima kabisa, utaona mwenyewe. Bado nawapa machicha ya pombe kutoka kwa mama Patrisi na pumba za mahindi, na wananenepa hadi aibu.

Wa Nareyu sijui niseme nini. Yeye anawalisha damu. Kaka yake Lekoko anafanya kazi machinjioni Karatu, anamletea damu kwenye ndoo, anaianika juani mpaka ikauke, halafu anaitwanga. Harufu yake usiulize. Nilimwambia, Nareyu, samaki hawa wamezoea chakula cha Kikristo. Akacheka. Wewe unajua nilivyohangaika na yule mama. Alipohama kutoka upande wa Ngorongoro baada ya ukame kumaliza ng'ombe, hakuwa hata anajua samaki anashikwaje. Nilimchimbia bwawa pamoja na wanawake wa kikundi. Ndugu zake wakamcheka kwamba anafuga nyoka. Sasa ana bwawa zuri kuliko wengi. Lakini juzi niliona kama wana wekundu kwenye mapezi. Sisemi neno. Vipimo vyako vitasema.

Kumbuka kwamba kikundi kizima, kuanzia hapa mpaka Mbulumbulu, wanachukua vifaranga kwangu. Wanawake kumi na tisa. Kwa hiyo ukipata majibu, niandikie mimi kwanza.

Kula. Ulivyokuja Krismasi ulikuwa umebaki kichwa na viatu.

Mama yako,
Laurencia


Morogoro
24 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Deli lilifika salama, barafu ikiwa bado ipo. Naona siku hizi umeanza urembo. Mfuko wa N umefungwa kwa katani kama magunia yote ya kwetu, lakini mfuko wako wa L umefungwa kwa uzi wa shanga nyekundu na nyeupe. Wenzangu maabara wameutamani. Nimeuning'iniza kwenye taa ya meza yangu.

Majibu ya kwanza yametoka na si mazuri kwa Yeyo Nareyu. Kuna sahani tunaitengeneza ya rangi ya buluu, na buluu ile inatokana na chuma kilichofungwa ndani yake. Bakteria akinyang'anya chuma, rangi inaondoka, anabaki amezungukwa na duara la rangi ya chungwa. Bakteria wa samaki wa N wamegeuza sahani nzima. Nimewapanda pia kwenye sahani ya damu, wameila ikabaki wazi, unaona hadi meza. Hao ndio wanaoleta vile vidonda vyekundu. Bakteria wa L, wako, wamekaa kwenye buluu yao bila kugusa kitu. Kwa kweli nilifurahi nilipoona, halafu nikaona aibu kufurahi.

Sasa kuna jambo moja ambalo nimelifanya na halijakaa vizuri moyoni. Msimamizi wangu alisema ugonjwa wa namna hii lazima bwana samaki wa wilaya ajulishwe, maana unasambaa kwa maji na vifaranga. Nikaandika taarifa kwa herufi. Bwana samaki akapiga simu akauliza, N ni nani, maana hawezi kutibu herufi. Nilisita. Nikamwambia.

Najua nilimwahidi Yeyo. Naomba uende kwake kabla bwana samaki hajafika, umweleze taratibu. Wewe anakusikiliza.

Mwanao,
Emilian


Rhotia
10 Machi 2025

Emilian,

Marahaba. Sikuwahi. Bwana samaki alifika kabla ya barua yako.

Aliitisha mkutano wa kikundi kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, akasoma karatasi yako yenye muhuri, neno kwa neno, na kwenye N akaweka jina. Nareyu alikuwa amekaa mstari wa mbele na kitenge chake cha sikukuu, kwa sababu alidhani tunaitiwa semina. Alisimama akasema samaki zake hawajawahi kufa hata mmoja. Mtu akasema nyuma kwamba Mmasai hajui samaki mzima wala mgonjwa, wote kwake ni nyoka. Watu walicheka. Mimi ndiye mwenyekiti, ilikuwa nikemee. Sikukemea.

Kesho yake walikwenda Kansay. Wakafungulia maji, samaki wakazikwa kwenye shimo, bwawa likamwagiwa chokaa mpaka likawa jeupe. Mvua zimeanza sasa, na udongo wote ule umekuwa uji mweupe. Nilikuwepo. Nareyu hakulia. Alikaa kwenye ukingo na Resiato, binti yake, wakaangalia mpaka mwisho.

Nimempelekea vifaranga mia mbili kutoka kwangu ili aanze tena. Bure. Alinishika mikono miwili akasema, dada, Mungu akuone. Nimekueleza hili ili ujue kwamba shangazi yako si mtu wa kukaa tu.

Uzi wa shanga siujui. Labda wa Goodness. Utupe.

Wiki hii sijisikii vizuri, kwa hiyo usitegemee barua ndefu.

Mama yako,
Laurencia


Kansay
12 Machi 2025

Kwa Emilian,

Nakusalimu. Mimi ni Nareyu, mama Resiato. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, utanivumilia.

Uliniambia kwenye simu, Yeyo, usiogope, jina lako halitatajwa, ni herufi tu. Nikakupa samaki. Jina langu limesomwa mbele ya watu wote wa Rhotia na Kansay. Bwawa langu limekufa. Sasa watoto wakipita hapa wanaziba pua, na harufu hakuna.

Samaki zangu hawakuumwa. Mimi nimechunga ng'ombe tangu nikiwa mdogo, najua mnyama anayeumwa kwa jicho lake. Lakini wewe umesoma, na karatasi ina muhuri, basi.

Sikuandikii kugombana. Naomba kitu kimoja. Siku ile napeleka samaki kwa Laurencia, mpira wa kufungia mfuko ulikatika, na kijana wa bodaboda alikuwa ananipigia honi. Nikafungua uzi wa shanga mkononi nikafungia. Ulikuwa wa mama yangu, marehemu. Kama bado upo, nirudishie.

Laurencia amenipa vifaranga. Yeye ndiye mtu peke yake aliyekuja.

Nareyu


Morogoro
17 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara sita tangu juzi. Inaita, haipokelewi. Kwa hiyo naandika.

Nilikuwa nimebakiza upande ule mwingine wa utafiti, wa vimeng'enya. Niliupima wiki iliyopita. Sahani ya wanga ukiimwagia ayodini inakuwa nyeusi, na pale bakteria alipokula wanga panabaki peupe. Bakteria wa matumbo ya samaki wa N wameacha sahani ina matundu meupe kila mahali. Ni walaji wakubwa wa wanga. Bakteria wa L hawajui wanga ni nini. Wao wanavunja protini tu. Kwenye sahani ya maziwa wamefagia kila kitu.

Bakteria wa tumboni huwa ni wa kile chakula samaki anachopewa. Samaki wa N walilelewa kwa machicha na pumba. Samaki wa L walilelewa kwa damu. Na ndiyo maana wa L hawakutoa lile duara la chungwa. Waliishi penye chuma tele, hawakuwa na haja ya kukinyang'anya.

Nilikaa siku nzima nikitafuta nilipokosea. Nikarudia vipimo vyote. Nikasema labda nilichanganya mwenyewe hapa maabara. Halafu juzi ikafika barua ya Yeyo Nareyu, anaomba uzi wa shanga aliofungia mfuko wake. Uzi huo ulikuwa kwenye mfuko wenye karatasi ya L. Upo hapa mbele yangu, kwenye taa.

Karatasi zilibadilishwa, Shangazi. Na aliyebandika karatasi ni wewe.

Nimejaribu kufikiri kwamba ulikosea. Lakini uliniandikia kwenye barua ileile kwamba umeona wekundu kwenye samaki wa Nareyu. Uliniandalia majibu kabla sijapima. Na mimi niliona fahari kwamba bwawa la nyumbani ni safi. Niliwaonyesha wenzangu. Niliwaambia huyu ndiye aliyenilea.

Vifaranga mia mbili ulivyompa vimetoka kwenye bwawa linaloumwa. Ulijua. Nimempigia Yeyo Nareyu leo asubuhi nikamwambia asiviingize kwenye maji yoyote yenye samaki. Akasema amesikia. Sikumwambia sababu. Nakusubiri wewe uniambie nimekosea.

Emilian


Rhotia
26 Machi 2025

Emilian,

Hujakosea.

Walianza kufa Desemba. Wawili, watatu, asubuhi nawaokota kabla Goodness hajaamka kwenda shule, nawafukia kwenye migomba. Nikasema ni baridi. Ulipokuja Krismasi kila siku ulitaka kwenda kuangalia bwawa, na mimi kila siku nakutafutia kazi nyingine. Unakumbuka nilivyokutuma Mbulumbulu kufuata ngano ambayo hatukuihitaji?

Ungeandika L inaumwa, wanawake kumi na tisa wangejua kwamba ugonjwa wameuchukua kwa mkono wangu. Mabwawa yote yangemwagiwa chokaa. Wanawake wale wameanza kusimama juzijuzi. Angelina wa kule juu amejenga jiko kwa samaki hao. Na mimi nina nini kingine? Sina mume, sina ng'ombe, nina bwawa na jina. Jina ndilo lililokulipia seminari, maana paroko alikuchukua kwa sababu yangu.

Uliniambia ni herufi tu. Nisikilize vizuri hapo. Nilibadilisha herufi. Nikasema, N itaumwa kwenye vitabu vya Morogoro, hakuna atakayejua N ni nani, nami nitapata muda wa kuwatibu wangu kimyakimya. Herufi haimwagiwi chokaa. Aliyeweka jina la Nareyu juu ya ile herufi ni wewe. Uliahidi watu wawili, ukavunja ahadi kwa simu moja ya mtu usiyemjua.

Nakuuliza, unijibu kwa haki. Karatasi zingekuwa sawa, bwana samaki akakuuliza L ni nani, ungemtajia jina langu?

Vifaranga nilimpa kwa sababu alinitazama. Alikaa pale ukingoni akanitazama, nikashindwa kurudi nyumbani mikono mitupu. Nilichagua vilivyochangamka. Nilidhani labda vitapona kwenye maji mapya.

Nakuomba, mwanangu. Sijawahi kukuomba kitu tangu mama yako anikabidhi wewe ukiwa na miezi minane, umefungwa kwenye shuka la hospitali. Usiandike karatasi nyingine. Bwawa lake limeshakufa, karatasi haitalifufua. Nitamsaidia mpaka asimame. Yabaki kati yetu.

Mama yako


Morogoro
2 Aprili 2025

Shangazi,

Uliuliza, nikakaa na swali lako siku tatu. Nisingetaja. Ningemwambia bwana samaki kwamba maadili ya utafiti hayaniruhusu, na ningejisikia mtu mwema. Kwa Yeyo Nareyu nilisita kidogo tu. Hilo ni langu, nitalibeba, na nimemwandikia hivyo hivyo.

Lakini siwezi kunyamaza. Nimeandika taarifa mpya. Imesema karatasi za mifuko zilibadilishwa kabla ya kufika maabara, kwamba samaki wenye bakteria wa vidonda ni wa bwawa L, na kwamba bwawa N halikuwa na ugonjwa. Imesema pia kwamba mabwawa ya waliochukua vifaranga kutoka L yapimwe, na yasimwagiwe chokaa kabla ya kupimwa. Nimeandika kwamba mmiliki wa L ni shangazi yangu na kwamba mimi ndiye niliyevunja siri ya N. Msimamizi ameniambia hii inaweza kunirudisha nyuma mwaka mzima. Nimetia sahihi.

Nakala moja nimempelekea Yeyo Nareyu kupitia kwa Lekoko. Sikuipeleka kwa bwana samaki. Nimemwambia yeye ndiye aamue inakwenda wapi.

Kila nikifikiria kitu ulichonifundisha, kufunga mzigo, kuandika barua, kusema shikamoo kwa mtu hata kama ameniudhi, nakuta na wewe umesimama pale unabandika karatasi kwa gundi ya Goodness. Sijui nikuondoeje hapo. Naandika shikamoo hii na mkono unagoma.

Shikamoo.

Emilian


Kansay
14 Aprili 2025

Kwa Emilian,

Karatasi nimeipata. Barua yako nimeisoma mara mbili, na Resiato amenisomea mara ya tatu ili nihakikishe.

Nikuambie jambo ambalo hulijui. Kabla hawajaja na chokaa, niliwahi kutoa samaki ishirini, wazazi, wakubwa. Nikawaficha kwenye pipa nyuma ya boma, chini ya majani. Niliogopa kukamatwa, lakini nilijua ni wazima. Nikasema hawa ndio mbegu yangu, maji ya chokaa yakitulia nitaanza na hao.

Laurencia alipoleta vifaranga sikuwa na chombo kingine. Nikaviweka humo humo kwenye pipa. Nilifanya haraka ili visife, maana vimetoka kwa mtu aliyenipenda. Wewe ulipopiga simu ilikuwa wiki imepita. Nilikuwa nimesimama kwenye pipa simu ikiwa sikioni. Watatu walikuwa wameshaelea, na mapezi mekundu. Leo hakuna hata mmoja.

Bwawa lilimwagiwa chokaa na watu wasionijua. Pipa nililiua mwenyewe kwa zawadi ya dada yangu. Hilo la pipa ndilo linaniuma.

Umesema niamue karatasi iende wapi. Sitaki ipelekwe ofisini ikakae kwenye faili. Ile ya kwanza ilisomwa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, siku ya kikundi, watu wakiwa wamekaa. Hii isomwe palepale, siku ya kikundi, na aisome Laurencia. Siyo wewe, siyo bwana samaki. Mwenyekiti ni yeye.

Nimempelekea leo. Nimemkabidhi mkononi. Alitaka kunikaribisha chai.

Wewe nimekusikia. Sijasema nimekusamehe. Nimekusikia.

Na uzi wangu bado sijauona.

Nareyu


Rhotia
5 Mei 2025

Emilian,

Mkutano ulikuwa jana, baada ya misa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, nikaomba isikome. Ilikoma saa tano.

Nilikuwa na karatasi yako ndani ya kitenge wiki tatu. Siku ya kwanza niliikunja niitie motoni. Siku ya pili nilikuandikia barua ya kukulaani, nayo sikuituma. Sitasema uongo kwamba nilikwenda pale kwa moyo mweupe. Nilikwenda kwa sababu kila nikilala naliona pipa. Ulikuwa na haki usiniambie habari za pipa, lakini Resiato alimwambia Goodness, na Goodness aliniuliza mezani, mbele ya chakula, kama ni kweli.

Nilisoma. Yale maneno yako ya sideroforo nilikwama, nikaruka. Nilipofika pale kwenye L sikuweza kusema L. Nikasema mimi. Nikasema karatasi nilibandika mimi, samaki wangu wanaumwa tangu Desemba, vifaranga mlivyonavyo vimetoka kwangu, na vile nilivyompa Nareyu nilijua. Hayo ya mwisho hayakuwa kwenye taarifa yako. Niliyaongeza.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Angelina alibeba kiti chake akaondoka, wakamfuata wanne. Wengine wamebaki wanauliza watapimwa lini, na hilo utalijibu wewe, maana mimi siulizwi tena. Uenyekiti nimeuacha palepale mezani pamoja na daftari na muhuri wa kikundi. Leo bwana samaki amekuja na mifuko ya chokaa. Nilimwonyesha mwenyewe mahali pa kufungulia maji. Lilichukua saa moja kuisha, bwawa la miaka kumi na tano. Chini kabisa kulikuwa na kiatu chako cha kulia kile ulichokitafuta ukiwa darasa la tano, nikakupiga kwa kukipoteza.

Bado naona ulinifanyia jambo ambalo mtoto niliyemzaa asingenifanyia. Naliona hivyo, na najua pia ulichokifanya kilikuwa sawa. Yote mawili yamo humu ndani na hayapatani. Usije likizo ya mwezi wa sita. Nitakapoweza kukutazama nitakuandikia.

Nilipomaliza kusoma jana, Nareyu alisimama. Nilidhani atanitukana mbele ya watu, na nilikuwa tayari. Au nilidhani, kwa ujinga wangu, ataniita dada. Hakuniangalia. Aliwaambia watu kwamba wamesikia, akavuta shuka lake begani. Alipopita karibu nami akasema neno moja tu, uzi.

Basi utume. Umpe Lekoko machinjioni, autie mkononi mwa dada yake. Usiupitishe kwangu.

Laurencia